Kabla Hamjafunga Shokomzoba

Mwanangu Yusufu,

Nimekutuma Pumwani kwa shangazi yako ukachukue mkeka ambao wala siuhitaji. Nilitaka nyumba itulie nipate kukuandikia. Tungekaa kuzungumza, ungenitania, nami ningecheka, tungekunywa chai, na neno lenyewe lingebaki halijasemwa. Alasiri imepita, jua limeingia dirishani upande wa River Road, na sanduku lako liko mlangoni limeshafungwa kamba. Kesho garimoshi litakuchukua hadi Kisumu.

Sitakuambia ule nini wala uvae nini. Shangazi yako ameyasema yote hayo, na kesho atayarudia stesheni mbele za watu. Mimi nataka kukusimulia habari ya shokomzoba.

Usicheke. Juzi ulipokuwa ukimweleza ami yako Hamisi juu ya lile lori mnalonunua wewe na mwenzako Barasa, mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, na nilisikia. Ulisema injini ni nzima, bodi ni nzima, ila shokomzoba zimekwisha. Ukasema mtafunga zile za kufufuliwa kwa sasa, na nzuri mtanunua mbele ya safari. Ami yako akakujibu, "Hiyo ndiyo akili." Nikaacha kukuna nazi. Hukusema jambo la ajabu, kila mwenye lori husema hivyo. Lakini maneno hayohayo niliwahi kuyakubali mimi, na aliyeyasifia alikuwa ami yako huyohuyo.

Wakati ule wewe ulikuwa Mombasa kwa bibi yako, unasoma, ndiyo maana hujui. Unajua tu kwamba baba yako alifariki na mama yako akaendelea na duka la vyombo na lori. Watu hulisema neno hilo, "akaendelea," kana kwamba nilikuta njia imefagiliwa na maji yamenyunyizwa.

Baba yako alikuwa akiuza vikombe, sahani na mabakuli, lakini kilichotulisha hasa kilikuwa chemni, vile vioo vyembamba vya taa za mafuta. Ukitoka mjini kidogo tu, ukapita Riruta ukaenda Kinoo na kupanda hadi Limuru, nani alikuwa na umeme? Kila nyumba ilikuwa na taa, na kila taa hupasua kioo chake siku moja. Wenye maduka ya huko walikuwa wakituagizia makasha kwa makasha. Tulizipanga ndani ya majani makavu kama mayai, na lori likaondoka. Ukizitikisa sana, unafika na kasha la vigae.

Nilipotoka eda, ami yako alikuja na wazee wawili. Usimchukie kwa haya nitakayokuambia. Alimpenda kaka yake, na alikuwa akiogopa jina la kaka yake lisije likazama mikononi mwa mwanamke. Alitaka lori aliendeshee biashara yeye. Nikamwambia, "Shemeji, nipe mimi mpaka mwaka ugeuke. Nikishindwa, nitakuletea ufunguo mwenyewe." Wazee wakaona ni haki. Ami yako akaondoka nao, lakini kila siku alikuwa akipita dukani kutazama kama nimeshashindwa.

Dereva alikuwa Ezekia. Wewe unamjua Ezekia wa leo, mwenye mvi na miwani. Yule wa wakati ule alikuwa kijana wa Kinyore, kutoka magharibi, mwenye kifua kipana. Alikaa Riruta na mkewe Dina, na alipoendesha aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya kutosha ibada nzima. Siku moja alirudi kutoka safari haimbi. Akaniita nje.

"Mama Yusufu, hii gari inaruka. Springi iko sawa, lakini shokomzoba ya mbele imekufa yote mbili. Mafuta yake imemwagika."

Nikamwuliza shokomzoba ni nini, maana mume wangu hakuwahi kunieleza hata nati moja. Akapiga magoti, akanionyesha mrija mnene wa chuma uliosimama karibu na gurudumu, umelowa mafuta na vumbi.

"Springi kazi yake ni kuruka," akasema. "Hii ndiyo inaambia springi, basi, tulia."

Kulikuwa na njia mbili. Grogan Road mafundi walikuwa wakichukua shokomzoba zilizochoka, wakazitia mafuta mazito na kuzipaka rangi. Hizo ndizo za kufufuliwa, na bei yake ni nafuu. Au ununue mpya zilizotoka ng'ambo, ambazo bei yake ilimfanya mtu avue kofia. Mimi moyo wangu ulikwenda kwenye mpya. Nilikuwa nimeshaona makasha yaliyorudi na vigae, nikajua kwamba kitu cha kumwambia mwingine "tulia" hakiwezi kuwa chenyewe kimechoka.

Ami yako aliposikia, alicheka. "Shemeji, lori ni chuma. Chuma nacho utakitandikia godoro?"

Yeye alikuwa na shauri jingine. Alikwisha kumwagiza fundi wa rangi aje aandike jina la baba yako ubavuni mwa lori, herufi kubwa za kijani, ili mji mzima ujue kwamba nyumba ile bado imesimama. Kwa fedha tulizokuwa nazo, mambo mawili kwa pamoja hatukuyaweza. Nikamgeukia Ezekia nikidhani atanisaidia.

"Ya kufufua itatosha, mama," akasema. "Mimi naendesha pole pole."

Basi wanaume wawili walikuwa wamekubaliana, mmoja anajua magari na mwingine anajua ukoo. Nami nikakubali. Sikukubali kwa kuwa wamenishawishi. Nilikuwa nimechoka kubishana, na nilijiambia kwamba mimi ni mgeni katika mambo ya vyuma, wenyewe wanajua. Yusufu, ukiwa na Barasa utachoka hivyo siku moja. Atasema yeye, atasema fundi, nawe utaona haya kuendelea kushikilia neno lako. Uchovu huo nimeuogopa tangu siku ile kuliko ninavyoogopa makosa.

Zile za kufufuliwa zilifungwa, na safari za mwanzo lori lilikwenda vizuri. Ezekia aliimba. Ami yako alinitazama kwa macho ya "nilikuambia." Kisha mvua zikaisha, jua likakausha njia ya vumbi ya Riruta kwenda Kinoo, na njia ikajikunja mikunjo mikunjo kama bati la paa.

Siku hiyo nami nilipanda. Mwenye duka mmoja wa Kinoo alikuwa akilalamika kwamba tunamletea vigae, nikataka kumkabili mwenyewe. Dina alikaa kati yangu na mumewe ili watu wasipate la kusema, nami nimevaa buibui langu, nimeshika dirisha kwa mkono mmoja. Tulipopita Riruta nikaanza kusikia lori likidunda. Mbele ilipanda na kushuka, na haikuacha hata tulipopita mashimo. Ezekia akaacha kuimba.

Tulikuwa tumekaribia Kinoo, njia inateremka. Hiyo ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa wakoloni, na wanawake wa kule walikuwa wakitolewa majumbani kwa amri kufanya kazi za barabara. Tulipokata kona tuliwaona, safu ndefu, wanachimba mtaro kando ya njia, na mlinzi mwenye bunduki amekaa juu ya jiwe. Baadhi yao walikuwa wamesimama barabarani kabisa wakitupa udongo.

Ezekia akakanyaga breki. Breki zilikuwa nzima, mwanangu, hilo ulielewe vizuri. Zilishika. Lakini magurudumu ya mbele hayakuwa chini. Yaligusa ardhi na kuiacha, yakagusa na kuiacha, na kila yalipokuwa hewani breki zilikuwa zimeshika upepo. Usukani ukageuzwa na lori halikugeuka. Wanawake wakatawanyika. Mmoja akabaki katikati na jembe lake. Hakujua aende kulia au kushoto, kwa sababu hata sisi tuliokuwa ndani hatukujua tunakwenda wapi.

Dina alipiga kelele kwa lugha yao, "Nyasaye wange!" Mimi sikupata hata neno la kumwita Mungu.

Gurudumu la kushoto likatumbukia katika mtaro waliokuwa wakiuchimba. Hilo ndilo lililotusimamisha. Lori liliinama upande, nyuma yetu makasha yakaporomoka, na vioo vikapasuka mfululizo, mpaka nikadhani havitakwisha. Vumbi lilipotulia nikamwona yule mwanamke mbele yetu. Angenyosha mkono angegusa taa ya lori. Na kweli aliunyosha. Akauweka juu ya boneti, kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Nilishuka. Yule mwanamke akamtazama Ezekia.

"Breki yako imekufa?"

"Hapana. Breki iko."

"Sasa mbona haikusimama?"

Ezekia akashuka. Akaketi chini kando ya njia, akashika kichwa. Swali lile lilikuwa langu, na jibu nilikuwa nalo, lakini ungemwambiaje mtu aliyeponea chupuchupu kwamba tulikuwa na shauri la rangi ya kijani?

Mlinzi akapiga kelele warudi kazini, kisha akabadili akawaamuru walisukume lori litoke mtaroni. Walisukuma. Wanawake wale tuliokaribia kuwakanyaga ndio waliotutoa, mabega yao kwenye bodi yetu, na kila walipovuta pumzi vigae vilicheza ndani. Nikafungua kasha la juu nikapata chemni chache zilizopona. Yule mwanamke, jina lake Wambui, nikampa moja kwa mikono miwili. Akaigeuza geuza, akaitazama mwangani.

"Na taa yake?" akaniuliza.

Nikacheka, na hapo hapo machozi yakanitoka. Naye akacheka. Safari iliyofuata nilimpelekea taa nzima na mafuta yake.

Njiani kurudi Ezekia aliendesha kama amebeba maiti. Mwishowe akasema, "Mama, mimi ndiye nilisema itatosha."

"Na mimi ndiye niliyekubali," nikamwambia. "Tusigawane sana lawama, tukafika nyumbani hatuna hata mmoja wetu wa kurekebisha."

Kabla hajakwenda kwake, Ezekia alifungua moja ya zile za kufufuliwa akaniletea uani. Nikaishika mwenyewe, nikaivuta na kuisukuma. Iliingia na kutoka bila kizuizi, kama mkono katika kanzu pana. Rangi yake ilikuwa bado inang'aa. Nilikaa nayo mapajani muda mrefu, nikiivuta na kuisukuma, mpaka mkono wangu ukajifunza jinsi kitu kitupu kinavyokwenda.

Asubuhi yake ami yako alikuja na yule fundi wa rangi, hatimaye amepata nafasi. Fundi akaketi barazani na makopo yake. Nikamwambia ahsante, arudi kwake, leo hakuna kazi.

"Shemeji," ami yako akasema, "jina la marehemu haliandikwi?"

"Sitaki jina la mume wangu liwe ubavuni mwa gari lililoua mtu."

Akashtuka. "Limeua nani?"

"Jana, hakuna. Ndiyo maana leo nakwenda Grogan Road."

Nikamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo najua alilisema kwa kutafuta pa kushika. "Lakini hao waliokuwa njiani wanatuhusu nini sisi? Mzigo wetu ni chemni."

"Chemni ziko nyuma, shemeji. Mbele kuna watu, na dereva hutazama mbele."

Alivaa viatu vyake akaondoka, na kwa siku nyingi hakupita dukani. Nilijua kwamba nikikosea mara hii, ufunguo nitaupeleka mwenyewe.

Tukaenda Grogan Road mimi, Ezekia na Dina. Tuliingia kwa muuza spea mmoja, nikamwambia nataka zilizo bora. Akaniletea mbili ndani ya maboksi, nyeusi zinametameta, akataja bei ya kuvua kofia. Nikaomba nizishike.

"Mama, hicho si kitambaa cha kupima upana," akasema, na watu waliokuwepo wakacheka.

Nikaivuta ya kwanza. Ikatoka yote mara moja, mkono katika kanzu pana. Nikaivuta ya pili, ndugu yake huyohuyo. Nikaziweka juu ya meza. "Hizi nimeshawahi kuwa nazo," nikamwambia. "Zilinipeleka mtaroni. Niletee zile unazomfungia mwanao."

Watu wakaacha kucheka. Muuzaji akanitazama, akaingia nyuma ya duka, akakaa kidogo, akarudi na nyingine mbili zilizopakwa grisi, hata hazimetameti. Nikavuta. Ilikuja polepole, haina haraka na mtu. Nikasukuma, ikarudi vilevile, kama mzee anayeketi. Nikampa Ezekia naye akavuta, uso wake ukafunguka. Na bei? Ilikuwa ileile aliyonitajia ya zile tupu. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba cha ghali ndicho kizuri, mwulize kama amekivuta.

Hatukubadilisha zote. Za nyuma tulizifungua tukazijaribu vilevile, zikawa bado zina uhai, tukazirudisha. Ezekia aliona tungezibadilisha zote kwa kuwa tumeshaogopa. Nikamkatalia. Woga nao hununua vitu visivyohitajika.

Lori lilitembea bila jina. Mji mzima ulikuwa na malori yenye majina, maua, simba na nyota, na letu lilikuwa na rangi iliyochujuka tu. Watu walisema nyumba ya marehemu imeanguka. Lakini chemni zilianza kufika nzima. Mwenye duka wa Kinoo, yule mlalamishi, alifungua kasha mbele yangu akitafuta kigae kwa hamu, akafika mpaka chini kwenye majani bila kukipata, na nadhani alisikitika. Wenye maduka waliambiana. Hata wapishi wa nyumba kubwa za Spring Valley wakaanza kutuagizia sahani na bilauri za mabwana zao, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakifokewa zikifika zimepasuka.

Mvua zilipoanza tena, katika mteremko uleule wa Kinoo, ng'ombe aliyekatika kamba alitokea ghafla mbele yetu. Ezekia akakanyaga breki. Lori liliinama mbele mara moja, likashika njia, likasimama limenyooka katika tope. Ng'ombe akatutazama, akavuka kwa nafasi yake. Ezekia alitia gia, na tulipokuwa tumekwenda kidogo akaanza kuimba, na Dina akaitikia, nami, Mwislamu wa Mombasa mwenye buibui, nikajikuta napiga makofi.

Mwaka ulipogeuka ami yako alikuja, akasema anataka kuona mwenyewe hiyo biashara. Alipanda na Ezekia hadi Limuru. Walipotoka huko, kabla hata hawajateremka kufika Kinoo, ami yako alikuwa amelala, kofia yake imeshuka mpaka puani. Alilala njia nzima, mikunjo ya bati yote na mashimo yote, mpaka mlangoni petu. Mimi ndiye niliyemgusa bega.

"Shemeji, mmefika."

Akaamka, akaitengeneza kofia, akashuka kwa heshima zake. Akalizunguka lori. Akalitazama gurudumu la mbele kwa muda.

"Hii barabara," akasema, "naona wameitengeneza."

Ezekia aligeuka upande wa pili mabega yakimtikisika. Mimi nikasema, "Naam, shemeji, wameitengeneza." Ufunguo hakuuomba tena. Nilijifunza hapo kwamba mtu akishakubali kwa mwili wake, usimlazimishe akubali na kwa mdomo.

Basi mwanangu, siandiki haya ili unitii. Lori ni lenu, na njia za huko siwezi kuzijua kuliko nyinyi. Pengine hizo za kufufuliwa mtakazopata Kisumu zitakuwa nzima kuliko mpya zangu za Grogan Road. Mnaweza kuzijua kwa mkono. Usimwambie Barasa "mama amesema," maana hatakusamehe. Mpe tu azishike mwenyewe, avute, asukume, na wewe unyamaze. Akili anayo.

Nawe nakuamini. Nakuona unavyosikiliza injini kabla hujaifungua, na unavyomjibu mteja mkali bila kupandisha sauti. Baba yako hakuwa na vyote hivyo viwili. Mimi nilianza na uchovu na woga na nikafika. Wewe unaanza na mikono inayojua kazi na rafiki unayemwamini.

Kesho stesheni nitalia. Usishtuke wala usishuke. Mimi hulia upesi nikamaliza upesi, na keshokutwa asubuhi nina mzigo wa kupeleka Limuru.

Mamako,
Mwanaisha